Daftari la Zahanati Ndilo Mizani ya Dawa

Mkulima wa chai hahitaji kufundishwa faida ya kuandika. Akifikisha majani kwenye kituo cha kununulia, kilo zake hupimwa, huandikwa, naye huondoka na risiti. Akijaribu mbolea mpya, risiti hizo ndizo humwonyesha kama shamba limeitikia au amepoteza pesa. Asiyeweka risiti hubaki na maneno ya muuzaji wa mbolea tu.

Katika matibabu hali ni hiyo hiyo. Kila mwaka huja dawa mpya, vipimo vipya na mashine mpya. Watengenezaji huzisifu, na nyingi huwa zimejaribiwa kwanza kwingineko, mara nyingi katika hospitali kubwa za nchi tajiri. Swali la mkaazi wa Kericho au Bomet ni jingine: je, dawa hii inamponya mtu wa hapa, katika hospitali ya hapa, kwa maradhi ya hapa? Jibu hutafutwa mahali ambapo wengi hawapadhanii, nalo ni lile daftari ambalo muuguzi huandika jina, umri, kijiji, ugonjwa, dawa aliyopewa mgonjwa na hali yake alipoondoka.

Somo la toleo hili linaeleza jinsi rekodi za kawaida za wagonjwa zinavyotumika kupima dawa na vifaa vya tiba. Mifano mitatu mikubwa inatoka katika nchi yetu hii ya majani chai.

KLOROKWINI ILIPOANZA KUSHINDWA

Wazee wengi wanaikumbuka klorokwini, ile tembe chungu iliyowafanya watu wengine kujikuna mwili mzima. Kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa dawa ya kwanza ya malaria nchini. Ilikuwa rahisi, ilipatikana kila duka, na kwa muda mrefu iliponya.

Wakati huo, hospitali iliyohudumia wafanyakazi wa mashamba makubwa ya chai ya Kericho ilikuwa ikiandika wagonjwa wake mwaka baada ya mwaka. Aliyelazwa aliandikwa pamoja na ugonjwa wake na mahali alikotoka, na ikaandikwa pia kama alipona au alifariki. Kazi hiyo ilikuwa sehemu ya shughuli za kila siku za hospitali.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti walizifungua rekodi hizo kuanzia mwaka 1965 na kuzihesabu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000, nayo yaliwashtua wengi. Mwanzoni mwa kipindi hicho, malaria ilikuwa asilimia 6.5 ya wote waliolazwa. Miaka ya 1990 ilikuwa imefika asilimia 32.5, yaani karibu mgonjwa mmoja kati ya watatu. Vifo navyo vilipanda. Awali, kati ya wagonjwa 100 waliolazwa kwa malaria alifariki takriban mmoja. Baadaye walifariki 6. Tena waliougua hawakuwa tena hasa wale waliotoka safari za mabondeni kuelekea Ziwa Viktoria. Wagonjwa waliotoka nyanda za juu, mahali palipodhaniwa kuwa baridi na salama, waliongezeka kutoka asilimia 34 hadi 59.

Watafiti hawakukimbilia kulaumu dawa. Walijiuliza maswali moja baada ya jingine. Je, hali ya hewa imebadilika? Je, mazingira ya mbu yamebadilika? Je, wafanyakazi wanasafiri zaidi kuliko zamani? Je, huduma za hospitali zimezorota? Kila sababu waliyoichunguza haikutosha kueleza ongezeko kubwa kiasi hicho. Jambo lililolingana na tarehe lilikuwa moja. Vimelea vya malaria vyenye usugu dhidi ya klorokwini vilikuwa vimeenea katika eneo hili mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati ule ule ambao daftari lilianza kuonyesha vifo vikipanda.

Nchini Senegal, uchunguzi wa vijiji vilivyofuatiliwa kwa miaka mingi ulionyesha jambo linalofanana na hilo. Usugu ulipoingia, vifo vya watoto kwa malaria viliongezeka. Kenya iliacha klorokwini kama dawa ya kwanza mwaka 1998. Mwaka 2004 ilipitisha sera ya kutumia dawa mseto zenye artemisinini, ambazo zilianza kufika vituoni kwa wingi mwaka 2006 na zinatumika hadi leo.

Mjadala haukuishia hapo. Mwaka 2011 watafiti wengine walizipitia upya rekodi za kituo cha hali ya hewa cha Kericho na kukuta kwamba joto lilikuwa limepanda kati ya mwaka 1979 na 2009. Kwa hiyo swali la hali ya hewa lilirudi mezani. Huo ndio utaratibu wa sayansi, na uliwezekana kwa sababu rekodi zilikuwa zimehifadhiwa. Daftari lililotunzwa vizuri laweza kuulizwa swali jipya baada ya miaka 30.

Kuna fundisho la uchungu humo pia. Usugu ulifika mwishoni mwa miaka ya 1980, na matokeo yalichapishwa mwaka 2000. Katika miaka hiyo yote hesabu zilikuwa ndani ya madaftari, zikingoja mtu wa kuzijumlisha. Wagonjwa waliendelea kupewa dawa iliyokuwa ikipoteza nguvu. Hii ndiyo sababu wataalamu wa afya husisitiza kwamba takwimu zijumlishwe kila mwezi na kusomwa papo hapo.

KILO ZA CHAI NA DAWA ZA ARV

Mfano wa pili unahusu mizani yenyewe ya chai. Mchunaji wa shamba kubwa hulipwa kwa kilo, kwa hiyo kila siku ya kazi yake huacha alama kwenye karatasi: alifika au hakufika, alichuna kilo ngapi, aliomba ruhusa ya ugonjwa siku ngapi.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulizitumia karatasi hizo kupima gharama ya Ukimwi kazini. Uliwaangalia wafanyakazi 54 wa shamba la chai waliofariki au kuacha kazi kwa sababu ya maradhi yanayohusiana na Ukimwi kati ya mwaka 1997 na 2002. Katika mwaka mmoja na nusu wa mwisho, walikuwa wakichuna kati ya kilo 4 na 8 pungufu kwa siku wakilinganishwa na wenzao. Mapato yao yalipungua kwa asilimia 16 katika mwaka wa pili kabla ya kuacha kazi, na karibu asilimia 18 katika mwaka wa mwisho. Ugonjwa ulikuwa ukiila familia muda mrefu kabla ya mazishi.

Kisha dawa za kupunguza makali ya virusi, yaani ARV, zikafika Kericho. Wakati huo wapo waliouliza kama dawa zinazomezwa kila siku, maisha yote, zingeweza kufaa mashambani mbali na miji mikubwa. Watafiti walirudi kwenye mizani. Katika ripoti ya mwaka 2008, waliwafuatilia wachunaji 59 walioanza ARV na kuwalinganisha na wenzao waliochuna katika mashamba hayo hayo. Kabla ya dawa, siku zao za kuchuna zilikuwa zikishuka mwezi baada ya mwezi. Baada ya kuanza dawa, zilianza kupanda tena.

Kulinganisha na wenzao ndiko kulikoipa hesabu hiyo uzito. Kila mchunaji anajua kwamba kilo hubadilika kwa mvua, jua na mvua ya mawe. Mtu akianza dawa mwezi Februari wakati wa kiangazi na kuongeza kilo mwezi Mei mvua zikiwa zimekolea, nani atajua kama ni dawa au ni mvua? Ukimlinganisha na jirani yake wa mstari wa pili, aliyenyeshewa na mvua ile ile, jibu hupatikana.

Uchambuzi mwingine, uliochapishwa mwaka 2013, uliwatenganisha wanaume na wanawake. Wanaume walirudi karibu zaidi na kiwango cha wenzao kuliko wanawake. Hesabu ya jumla ingelificha jambo hilo. Ndiyo maana daftari huuliza jinsia na umri, hata pale mgonjwa anapoona kwamba swali halihusu kikohozi chake.

MRIJA WA KUFUNGUA UMIO, TENWEK

Mfano wa tatu ni wa Bomet, nao unahusu kifaa. Saratani ya umio, ambayo wengi huiita saratani ya koo, imewasumbua watu wa eneo hili kwa muda mrefu. Rekodi za Hospitali ya Tenwek zilionyesha jambo ambalo si la kawaida duniani. Kati ya mwaka 1996 na 2009, wagonjwa zaidi ya 100 wa saratani hiyo walikuwa na umri wa miaka 30 au chini yake, ilhali kwingi ni ugonjwa wa wazee. Bila daftari lenye umri wa kila mgonjwa, kila kijana angeonekana kuwa bahati mbaya ya nyumba moja.

Wengi walifika hospitalini wakiwa wamechelewa, umio umeziba, wakishindwa kumeza hata uji. Upasuaji haukuwa tena njia. Tenwek ilianza kutumia mrija wa nyaya laini za chuma, unaoingizwa ukiwa umekunjwa na kufunguka wenyewe ndani ya umio ili chakula kipate njia. Mrija huo hauponyi saratani. Kazi yake ni kumwezesha mgonjwa kula na kunywa katika muda aliobaki nao.

Je, ulifaa? Madaktari hawakuridhika na kusema kwamba wagonjwa walifurahi. Walitumia kipimo cha kumeza chenye ngazi kutoka 0 hadi 4. Sifuri ni mtu anayekula kila kitu, na 4 ni mtu asiyeweza kumeza chochote. Kila mgonjwa aliandikwa ngazi yake kabla na baada. Ripoti yao ya mwaka 2009, iliyojumlisha takriban mirija 1,000 iliyowekwa tangu mwaka 1999, ilionyesha kwamba wastani ulishuka kutoka kidogo juu ya 3 hadi karibu 1. Kwa lugha ya nyumbani, aliyekuwa akipitisha vinywaji tu aliweza kula vyakula vingi tena. Waliandika pia madhara, wakiwemo wagonjwa ambao umio wao ulitoboka na wale ambao uvimbe ulikua na kuuziba mrija.

Ugumu ulikuwa kuwafuatilia wagonjwa baada ya kurudi nyumbani. Taarifa za hadi kifo zilipatikana kwa sehemu yao tu. Wengine hawakurudi, na familia zao hazikutoa habari. Hapo ndipo mkaazi anapoingia katika kazi ya utafiti bila kujua. Familia inayopiga simu kusema mzee ametuacha, na kwamba alikula hadi wiki ya mwisho, inawasaidia wagonjwa watakaokuja baada yake.

Ieleweke pia kwamba ugumu wa kumeza unaodumu si jambo la kungojea. Mwenye dalili hiyo aende hospitali mapema, kabla ya kufika hatua ambayo mrija ndio msaada uliobaki.

MASHINE NA PESA ZA UMMA

Kupima vifaa hakuhusu madaktari peke yao. Mlipa kodi pia anahusika.

Mwaka 2015 serikali ya kitaifa ilianzisha mpango wa kukodisha vifaa vya matibabu kwa hospitali 98, mbili katika kila kaunti pamoja na hospitali nne za kitaifa. Vilikuja vifaa vya upasuaji, vya figo, vya wagonjwa mahututi na vya picha za mwili. Wagonjwa wengi walipata huduma ambazo zamani zilipatikana Nairobi au Eldoret tu. Lakini kamati maalum ya Seneti iliyouchunguza mpango huo na kutoa ripoti mwaka 2020 ilieleza pia kwamba katika baadhi ya hospitali nchini vifaa vilikaa bila kutumika, kwa kukosa wataalamu, umeme wa kutosha au vyumba vinavyofaa.

Swali linaloweza kuulizwa kuhusu mashine yoyote ni rahisi: mwezi uliopita ilihudumia wagonjwa wangapi, na walipata nini? Daftari la chumba cha mashine hiyo ndilo hujibu. Mkaazi anayehudhuria vikao vya umma vya bajeti ana haki ya kuliuliza swali hilo kabla ya pesa nyingine kutengwa.

NAMNA YA KUSOMA HESABU BILA KUDANGANYIKA

Rekodi zaweza kupotosha zikisomwa kwa haraka. Mfano ufuatao ni wa kufundishia tu.

Hospitali inapokea mashine ya kuwasaidia watoto wachanga kupumua. Mwisho wa mwaka, kati ya watoto 100 waliowekwa kwenye mashine, 20 wamefariki. Kati ya watoto 100 ambao hawakuwekwa, wamefariki 5. Mtu wa nje atasema mashine inaua watoto. Muuguzi wa wodi atacheka kwa huzuni, kwa sababu anajua kwamba waliowekwa kwenye mashine ndio waliofika wakiwa hoi. Pengine bila mashine wangefariki 40. Ili kulinganisha kwa haki, ni lazima daftari lionyeshe kila mtoto alikuwa na uzito gani na hali gani alipozaliwa, kisha wanaofanana walinganishwe na wanaofanana.

Kwa hiyo, anayepima dawa au kifaa kwa rekodi hujiuliza maswali manne. Kwanza, nani alipewa, na kwa nini yeye? Pili, alikuwa katika hali gani kabla ya kupewa? Tatu, alikuwaje baadaye, na wangapi hawakuonekana tena? Nne, wenzake wanaofanana naye ambao hawakupewa walikuwaje wakati huo huo?

Swali la tatu hunasa wengi. Asiyerudi kliniki huenda amepona na kurudi shambani. Huenda amehamia Nakuru. Huenda amefariki. Daftari linalohesabu waliorudi tu litaisifu dawa kuliko inavyostahili.

Kuna pia kosa la jina la ugonjwa. Zamani homa nyingi ziliandikwa malaria bila damu kupimwa. Hesabu ya namna hiyo haiwezi kuonyesha kama dawa ya malaria imefaulu, kwa sababu baadhi ya waliopewa hawakuwa na malaria tangu mwanzo. Kipimo cha haraka au hadubini kabla ya dawa humlinda mgonjwa, na huilinda hesabu pia.

Njia yenye nguvu zaidi ni kuunganisha rekodi na kura. Wakati wa Covid-19, hospitali za Uingereza ziliwaomba wagonjwa idhini, kisha kompyuta ikachagua kama kwa kura nani aongezewe dawa fulani na nani apate huduma ya kawaida. Kwa sababu ni kura iliyoamua, makundi yalifanana. Rekodi za kawaida za hospitali zilisaidia kuwafuatilia. Mwezi Juni 2020 jibu lilipatikana: deksamethasoni, dawa ya zamani na ya bei nafuu, ilipunguza vifo kwa takriban theluthi moja miongoni mwa waliokuwa kwenye mashine za kupumua. Utafiti huo huo ulionyesha kwamba haidroksiklorokwini, ndugu wa klorokwini yetu ya zamani, haikuwasaidia wagonjwa waliolazwa, ingawa ilikuwa imesifiwa kila pembe ya dunia.

SAFARI YA REKODI KUTOKA KIJIJINI

Mgonjwa anapofika zahanati, habari zake huandikwa kwenye daftari la wagonjwa wa nje. Kuna daftari la watoto chini ya miaka mitano, la wenye umri zaidi ya huo, la kliniki ya wajawazito, la kujifungua, la chanjo na mengineyo. Mwisho wa mwezi hujumlishwa. Majumlisho huingizwa katika mfumo wa kitaifa wa taarifa za afya, ambao umetumia kompyuta kote nchini tangu mwaka 2011. Majina hayaendi katika majumlisho hayo. Kinachokwenda ni idadi: malaria wangapi, nimonia wangapi, akina mama waliojifungua wangapi.

Tangu Septemba 2023, wahamasishaji wa afya ya jamii takriban 100,000 kote nchini wamepewa simu na vifaa vya kazi. Wanapopita nyumba kwa nyumba, huandika habari ambazo zamani zilipotea kwa sababu mgonjwa hakufika kituoni. Kwa kupima dawa, hilo ni muhimu sana, maana husaidia kujua habari za yule asiyerudi.

Mlolongo huu una udhaifu wake. Muuguzi mmoja mwenye foleni ndefu akikosa kujaza safu moja, au umri ukikadiriwa, au ukurasa ukilowa mvua, kosa hilo husafiri hadi juu bila mtu kuliona.

SIRI YA MGONJWA

Wakaazi wengi huuliza: kama rekodi zangu zinasomwa, je, siri yangu iko wapi? Swali hilo ni la haki, hasa mashambani ambako karani wa kliniki huenda ni jirani au shemeji.

Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaziweka taarifa za afya miongoni mwa data nyeti zinazohitaji ulinzi wa juu. Chini ya sheria hiyo mtu ana haki ya kuelezwa taarifa zake zitatumiwaje, kuziona na kutaka zirekebishwe zikiwa na kosa. Akiona haki hiyo imevunjwa, anaweza kulalamika kwa Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Sheria ya Afya Dijitali ya mwaka 2023 nayo inataka mifumo ya kielektroniki ya afya ilinde usiri.

Mtafiti anayetaka kutumia rekodi hupaswa kwanza kupata kibali cha kamati ya maadili, na kwa kawaida hupewa rekodi zilizoondolewa majina. Anapotaka kumhoji mgonjwa au kumpa dawa ya majaribio, ni lazima aombe idhini yake. Mgonjwa anaweza kukataa, na kukataa kwake hakumwondolei haki ya kutibiwa.

MAMBO SABA YA KUZINGATIA KILA MKAAZI

1. Kutaja jina kamili na umri sahihi kila mara, kwa namna ile ile. Anayeandikwa jina la nyumbani leo na la kitambulisho kesho huonekana kuwa watu wawili.

2. Kubeba kijitabu cha mama na mtoto, kadi ya kliniki na karatasi za hospitali nyingine.

3. Kusema kweli kuhusu dawa zilizotumika nyumbani, zikiwemo za dukani na za miti shamba. Asipoambiwa, muuguzi ataisifu au kuilaumu dawa isiyohusika.

4. Kuomba kupimwa kabla ya kupewa dawa ya malaria.

5. Kurudi siku ya miadi hata mtu akijihisi amepona, au kutuma habari kwa simu au kupitia mhamasishaji wa afya ya jamii.

6. Kurudi mara moja na kueleza dawa inapokosa kufanya kazi au inapoleta madhara, ukiwa umebeba pakiti yake. Mhudumu atayaandika na kuyapeleka kwa Bodi ya Dawa na Sumu.

7. Kusajili vizazi na vifo. Kifo kisichoandikwa hakiingii katika hesabu yoyote, na kisichohesabiwa hakiwezi kuzuiwa.

Waliolazwa katika hospitali ya mashamba ya Kericho katika miaka ya 1960, wengi wao bila shaka walitaja majina yao na mahali walikotoka kwa karani bila kufikiria tena. Miaka 30 baadaye, majibu yao yalisaidia kuonyesha kwamba dawa ya nchi nzima ilikuwa imechoka. Muuguzi atakapouliza tena kesho asubuhi, "Umri? Kijiji? Ulitumia dawa gani?", ni vyema kujibu kwa ukamilifu na kumpa nafasi ya kuandika.